Meseji ya Jumapili ya mwalimu wa la tatu: nimeitumia muhula mzima, haya ndo maoni yangu

Habari zenu wazazi wenzangu. Watu huwa wanaandika maoni ya mafuta ya nywele, ya majiko ya gesi, ya simu, mi leo naomba niandike kuhusu huduma ambayo sijawahi kuona mtu anaizungumzia na kwangu imekuwa na faida kuliko vitu vingi nilivyolipia hela. Ni meseji. Mwalimu wa darasa la binti yangu, yupo la tatu shule ya serikali huku Mbagala, kila Jumapili baada ya magharibi anatuma kwenye grupu la wazazi meseji moja inaanza hivi: WIKI HII DARASA LA TATU TUNAJIFUNZA. Chini yake kila somo mstari mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, afu mwisho kuna mstari umeandikwa NYUMBANI, hapo anaweka vitu viwili vitatu vya mtoto kufanya na mzazi kwa vitu vilivyopo ndani. Basi. Haizidi skrini moja ya simu.

Nimeipokea tangu shule zifunguliwe, sijakosa hata moja kusoma, kwahiyo ninachosema hapa nakijua.

Kwanza niseme nilikuwa nafanya nini kabla. Nilikuwa namuuliza "leo mmesoma nini" ananiambia "tumesoma" basi imeisha hiyo. Madaftari naangalia naona vema vyekundu nafurahi, naona kosa nagomba, ila kwamba wiki hii wako wapi na wiki ijayo wanaenda wapi nilikuwa sijui kabisa. Nikampeleka tuisheni ya mtaani, mia tano kila siku, miezi miwili. Yule kijana wa tuisheni alikuwa anawarundika wa la pili la tatu na la nne kwenye baraza moja anawafundisha kitu kimoja, binti akawa anarudi na vitu alivyosoma mwaka jana, na mimi nalipa. Sikujua kama ni vya mwaka jana kwasababu sikuwa na pa kulinganishia. Hapo ndo ubaya ulipo, unaweza ukalipa hela ukaona unamsaidia mtoto kumbe anazunguka palepale.

Sasa niwape mfano wa wiki moja mjue naongelea nini. Wiki hiyo Hisabati ilikuwa kuzidisha na kugawanya, na pale NYUMBANI mwalimu akaandika: mtoto apange vitu katika mafungu yenye idadi sawa, ahesabu mafungu, aseme jumla, kikibaki kitu aseme ni baki.

Mimi nina genge. Kazi yangu asubuhi ni kupanga nyanya mafungu! Miaka tisa napanga nyanya mafungu sijawahi kufikiria kwamba hiyo ni hesabu ya darasa la tatu. Jumanne nimetoka zangu sokoni Temeke Stereo, binti kasharudi shule, nikamwambia haya leo unapanga wewe. Akazihesabu kwanza zote kwenye sinia, 54. Akaanza kupanga nne nne kama ninavyouza, nne kwa mia tano, kapanga kapanga akafika fungu la 13 zikabaki mbili mkononi. Akazishika vile kasimama ananiangalia. Nikamuuliza hizo je? Akasema "hizi ni baki." Nikamwambia basi sisi wa genge baki tunaita nyongeza, ndo namuongezea mteja wangu wa kila siku. Alicheka hadi akakaa chini. Afu akachukua daftari lake akaandika 54 ÷ 4 = 13 baki 2, pembeni yake akaandika kwa mwandiko mdogo "nyongeza."

Haikuishia hapo. Akaniambia mama ukiuza yote utapata elfu sita na mia tano, 13 mara 500. Nikamwambia sawa, ila wiki ijayo nyanya zikipanda nitaweka tatu tatu kwa mia tano ileile. Akabomoa mafungu yote akapanga upya, yakatoka 18 na hakuna baki hata moja, akapiga akasema elfu tisa. Alikaa kimya kidogo afu akaniuliza "kwahiyo mteja ndo anaumia?" Nikamwambia ndio mwanangu, na mimi pia naumia maana naletewa bei juu. Mtoto wa miaka tisa huyo. Tuisheni haikuwahi kutufikisha kwenye mazungumzo kama hayo, nasema kweli.

Sayansi wiki hiyohiyo ilikuwa kuota kwa mbegu. Mwalimu aliandika mbegu inahitaji maji, hewa na joto. Mi nikabisha. Kwetu ni Mkuranga nimelima tangu mdogo, nikamwambia binti mwalimu wako kasahau jua. Akasema tujaribu. Tukakata chupa za maji za nusu lita, tukaweka pamba, maharage matatu matatu. Moja tukaweka dirishani, moja ndani ya kabati la vyombo, moja pamba kavu bila maji, na moja binti alitaka mwenyewe aweke maharage ya kuchemsha aliyoyachomoa kwenye sufuria yangu ya jioni, nikamuacha.

Siku ya nne ya dirishani yamepasuka yametoa kijimzizi cheupe. Tukafungua kabati, jamani, nayo yameota! Tukaziacha hadi wiki iliyofuata, yale ya kabatini yakawa marefu kuliko ya dirishani ila yana rangi ya njano njano, membamba, yanaangukiana. Ya kwenye pamba kavu yako vilevile kama yalivyotoka dukani. Ya kuchemsha yalianza kunuka tukayatupa. Binti akaandika yote, kwamba moto umeua kile kiinitete, kijimmea kichanga cha ndani ya mbegu, kwahiyo hata umwagilie mwezi mzima haioti. Kwahiyo nilikuwa nimekosea na nilimwambia binti nimekosea, mbegu ili iote haihitaji jua, ni mmea ukishatoka ndo unalitaka jua ukue na kupata ukijani. Na ukifikiria ni kweli kabisa, sisi shambani mbegu tunaifukia chini ya udongo, huko jua linaingilia wapi? Nimelima miaka yote hiyo sijajiuliza.

Kiswahili ilikuwa imla ya maneno yenye ng na ng'. Hapa NYUMBANI mwalimu aliandika mtoto atafute maneno hayo kwenye vibao vya barabarani. Basi tangu siku hiyo kutembea na huyu mtoto ni kusimama kila hatua. Tunapita buchani kibao kimeandikwa NYAMA YA NGOMBE, anasimama, "mama hawajaweka ritifaa." Mgahawa, SUPU YA NGOMBE, tena. Kile kialama cha juu kinaitwa ritifaa, mi nilikuwa nakiita kile cha juu. Akanieleza ngoma haina ritifaa na ng'ombe inayo, ukiitoa unasoma sauti nyingine kabisa, akanitamkia zote mbili taratibu kama ananifundisha mimi la kwanza. Genge langu lenyewe lina kibao, nikaenda kuangalia haraka haraka. Nyanya chungu, ngogwe, kitunguu, namshukuru Mungu ng yote ilikuwa salama. Ila "vitunguu swaumu" kasema niulize mwalimu.

Kuna kitu kimoja naomba nikiseme kwa kirefu kidogo maana kilimgusa na mama yangu mzazi ambaye ninaishi naye. Jiografia na Mazingira ilikuwa pande kuu nne za dunia. NYUMBANI: asubuhi mtoto asimame aelekee jua linapochomoza, hapo ni mashariki, nyuma yake magharibi, kushoto kaskazini, kulia kusini. Binti kaamka kabla ya saa moja katoka uani kasimama mikono kainyoosha. Bibi yake ndo kwanza kamaliza nyiradi zake za alfajiri bado kakaa kwenye msala. Mtoto akaangalia jua, akaangalia mkono wake wa kushoto, akamuangalia bibi. Akauliza "bibi, kibla ndo huko?" Bibi akasema ndio mjukuu wangu, ndo huko siku zote. Akasema "basi kibla ni kaskazini."

Bibi hakumuelewa kwanza. Mi nikachukua simu ile dira ya kwenye simu nikaweka juu ya msala, kaskazini kabisa, mshale umenyooka na msala. Na ndivyo ilivyo, sisi wa Dar Makka ipo kaskazini yetu karibu moja kwa moja. Bibi ameswali nyumba hii miaka na miaka akielekea huko na hakuwahi kuambiwa kwamba hicho ndicho walimu wanakiita kaskazini, yeye shule alisoma kidogo sana akatolewa. Akafurahi akaanza yeye sasa kumfundisha mjukuu: unajua kwanini tunasema swala ya magharibi? Kwasababu jua linakuwa limeshuka magharibi. Afu jioni akampigia dada yake aliyeko Maskati kumuuliza huko kwenu kibla mnaelekea wapi ukilinganisha na jua, akaambiwa huko wanaelekea linapozamia jua. Binti akashangaa kweli, kibla ni kimoja na upande sio mmoja? Bibi akachukua sahani tatu akaweka sakafuni, hii Makka, hii sisi chini huku, hii Maskati pembeni kule, akamuonyesha kwa kidole. Bibi wa miaka 70 na kitu anafundisha jiografia sebuleni, kwa mstari mmoja wa meseji. Mi nilikaa pembeni nakata mchicha nimenyamaza tu nawaangalia.

English ilikuwa majina ya vitu vya darasani, Historia ya Tanzania na Maadili ilikuwa rangi za bendera na maana zake, hizo hatukufanya mengi, bendera aliichora na anazijua rangi zote nne. Sanaa na Michezo walisuka ukili, sijui zaidi.

Haya faida nyingine ambayo sikuitegemea. Meseji inataja majina ya masomo vilevile yalivyo, na hapo ndo niligundua kwanini nilikuwa nachanganyikiwa. Kaka yake yuko mtaala wa zamani, yeye ana Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Stadi za Kazi. Huyu mdogo yuko mtaala mpya ule ulioanza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, kwahiyo masomo yake yana majina mengine na vitabu vingine. Mwanzoni mwa mwaka nilienda duka moja la vitabu nikasema nataka vya la tatu, muuzaji akanifungia vya zamani, vimekaa vizuri vina na plastiki juu, nikalipa nikaondoka. Mtoto kavipeleka shule mwalimu akasema hivi sio. Kurudi dukani wakasema bidhaa ikitoka hairudi. Iliniuma sana kwasababu ile ilikuwa hela ya mtaji wa siku mbili. Kwahiyo mzazi mwenzangu unayesoma hapa, kabla hujanunua angalia jina la somo kwenye jalada, kama mwanao yuko mtaala mpya na kitabu kimeandikwa Maarifa ya Jamii, rudisha mkono mfukoni. Afu vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu, TET, vipo pia kwenye maktaba mtandao yao, unasomea kwenye simu. Mwalimu wetu siku hizi anaandika na ukurasa, kwahiyo jioni nafungua ukurasa huohuo tunasoma wote, bando linalotumika sio kubwa.

Nilimuuliza mwalimu siku ya kikao anapata wapi muda wa kuandika hii kitu kila wiki, wapo zaidi ya 80 darasani. Akaniambia sio kazi mpya, azimio la kazi analo tangu muhula unaanza linaonyesha kila wiki kinafundishwa nini, na andalio la somo anaandika kila siku, kwahiyo Jumapili anachukua azimio lake analiandika upya kwa lugha ya mama wa genge. Ndivyo alivyosema, lugha ya mama wa genge, na aliniambia kwa heshima kabisa kwasababu alisema akiandika ananifikiria mimi kama nitaelewa. Dakika ishirini. Nilitaka kulia pale.

Mapungufu yapo na nayasema kwa nia njema kwasababu naitaka hii kitu ikae.

La kwanza ni grupu lenyewe. Meseji inaingia saa moja na nusu, ikifika saa tatu imeshafukiwa na dua za kusambaza watu kumi, matangazo ya vikoba, picha za mashuka, na mtu anatafuta kiatu cha mwanae kilichopotea. Mzazi anayefungua simu asubuhi haioni. Adimini aweke grupu la pili ambalo yeye na mwalimu tu ndo wanaandika, mashuka yabaki kulekule. Mi mwenyewe napiga skrinishoti ikiingia tu.

La pili, na hili ni kubwa, wazazi wengi pale darasani hawana simu za kugusa. Jirani yangu mwanae anakaa dawati moja na binti yangu, yeye ana kitochi, hapati chochote. Na wengine simu wanazo ila kusoma ni shida. Mwalimu angekuwa anarekodi na voisi ya dakika moja anaisoma meseji, na karatasi moja ikabandikwa kwenye mti pale getini Jumatatu asubuhi, watu wangefaidi wengi zaidi. Kwa sasa jirani huwa anakuja gengeni namsomea mimi, na ameanza kumpangisha mwanae vifuniko vya soda mafungu mafungu, hana nyanya ila vifuniko kaokota ndoo nzima.

La tatu, wiki za mitihani haitumwi. Naelewa mwalimu anakuwa amezidiwa na kusahihisha, ila zile ndo wiki mzazi anataka kujua zaidi, hata ingekuwa mstari mmoja, mtihani wa wiki hii unatoka kwenye mada hizi. Mwakani hawa wana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ukifika huo nitaomba tusiachwe gizani.

Na kuna nilicholinganisha nacho. Mtoto wa mdogo wangu anasoma shule ya kulipia, wanatoa karatasi ya rangi kila mwezi, picha za watoto wanatabasamu, tarehe za sherehe, yote Kiingereza. Nzuri kuitazama. Nilimuuliza mdogo wangu mwanao wiki hii anasoma nini kwenye hesabu, akaigeuza karatasi pande zote mbili hakuona.

Bei: bure. Sijachangishwa hata mia. Kwa upande wangu ni bando na nusu saa ya jioni, na nyanya kuchezewa.

Nampa mwalimu nyota tano, na meseji yenyewe nyota nne hadi hayo mambo ya grupu na voisi yarekebishwe. Kama shule ya mwanao hawatumi, usiende kulalamika, nenda kwa mwalimu wa darasa siku akiwa na nafasi mwambie "mwalimu naomba kujua wiki hii mko wapi kwenye azimio la kazi", tumia neno hilohilo azimio la kazi, atajua unachotaka. Hata akikuandikia kwenye kipande cha daftari kinatosha kuanzia.

Jumapili iliyopita kaandika wiki hii Hisabati wanaanza sehemu, nusu na robo, na NYUMBANI ni kukata tunda moja vipande vilivyo sawa. Nimeshaweka papai moja chini ya meza ya genge, wateja wawili wameliulizia nimewaambia hilo lina mwenyewe.